Picha Hakuna, Sauti Ipo

Dukani kwa Fundi Shekuwe, nyuma ya soko la Makupa,
runinga yangu imelala kifudifudi, mgongo wazi,
nyaya nje kama matumbo ya kuku wa sikukuu.
"Picha hakuna," asema, "ila sauti ipo."

Na kweli ipo:
mume wa kichekesho cha saa kumi
amempokonya mkewe pochi, kamsukuma,
chungu kimeanguka pwaa,
na watu wasioonekana wameangua kicheko.

Mmoja wao ni mamangu.

Usinambie zafanana tu. Nakijua kile kicheko.
Chaanza puani, kama mtu anayekataa chai,
kisha chapanda, chapasuka,
chashuka ngazi kwa makalio,
halafu kimya kidogo,
na nyuma ya kimya, kikohozi.

Mwanakheri binti Athmani,
tuliyemzika Kikowani mwaka wa kumi na tisa huu, siku ya mvua,
leo yuacheka alasiri
mwanamke mwenzake akisukumwa.
Yeye, aliyeficha pochi ndani ya gunia la mchele.
Yeye, aliyewaambia majirani ameteleza chooni,
mara tatu mwaka mmoja,
na choo chetu sakafu yake mchanga.

Kwetu Mvita kucheka ni kuteka.
Neno hilo hilo latosha kwa maji kisimani,
hilo hilo kwa mtu aliyenyakuliwa njiani
akafungwa kitambaa cha macho.
Nilidhani ni ubahili wa lugha.
Kumbe lugha ilikuwa yangoja.

Siku yenyewe naikumbuka. Nilikuwa na miaka minane.
Studio ya Ganjoni, ghorofa ya pili, kuta zimevishwa trei za mayai.
Watu kumi na mmoja, kila mtu shilingi hamsini na soda.
Kijana mwenye kola ndefu akainua kibao: CHEKA.
Akainua cha pili: CHEKA ZAIDI.
Cha tatu: BASI.
Mzaha haukuwapo. Vibao tu.
Ngowa wa bandarini alicheka kama anayehesabu magunia.
Bi Kadzo alicheka huku akitazama saa ya ukutani.
Mamangu hakuweza.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na pengo lake lilikuwa la juzi, bado lauma.
"Mama," akasema fundi mitambo, "hamsini hizi si sadaka."

Mimi nilikuwa chini ya meza, nimeambiwa hata nisipumue.
Soda ya machungwa. Chupa nzima, yangu peke yangu,
jambo ambalo halikuwa limetokea duniani.
Nikaipiga mkupuo mmoja
ikanirudia puani.
Macho yetu yakakutana.

Hapo akateka.
Akateka kiganja kikiziba pengo,
akateka mpaka wale kumi wakasahau walikuwa kazini,
mkanda wazunguka,
kijana ainua BASI, BASI,
hapana aliyemtazama.
Nami huku chini nilikuwa nimeizuia pumzi,
nikaizuia, nikaizuia,
ikanishinda.

Hicho ndicho walichokifungia, wakakitia lebo, wakakiuza,
kikapita mkono hadi mkono mpaka kwa mume huyu wa saa kumi.
Pochi haimo. Chungu hakimo.
Mke wa watu hayumo.
Mna kamasi za rangi ya machungwa, basi.

"Nikuzimie?" auliza Shekuwe, bisibisi mdomoni.
"Makelele matupu haya, na picha yenyewe hakuna."
La, wacha.
Mume yule amesema jambo jengine, wameteka tena,
naye yumo, yeye yule, pumzi ile ile.
Ngoja, fundi,
usigonge kitu,
hapo mbele kuna mtoto atakohoa.